Uzi: Mwanafunzi wa udaktari afundishwe kumsindikiza mgonjwa mpaka nyumbani, si mpaka mlango wa wodi

MwalimuWaRaundi

Wakuu, habari zenu. Nimefundisha wanafunzi wa udaktari wodini kwa miaka mingi na kuna jambo linaninyima usingizi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu alilazwa kwetu, presha imepanda vibaya. Tukamtibu, ikashuka, siku ya tano tukampa ruhusa. Fomu aliijaza mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano. Mwandiko safi, kila kitu kipo: ugonjwa, vipimo, dawa, tarehe ya kliniki. Nikasaini. Siku tisa baadaye mzee akarudi na bandeji kichwani. Alianguka usiku akitoka chooni. Tulipompima, presha ilikuwa chini mno.

Binti yake alikuja na mfuko wa dawa. Mwanafunzi yule yule akaumwaga mezani, akawa anasoma boksi moja baada ya jingine. Mawili yalikuwa ya kampuni tofauti, rangi tofauti, majina makubwa tofauti. Chini ya kila jina, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, neno lilikuwa moja: amlodipini, dawa ya kushusha presha. Boksi moja mzee alikuwa nalo nyumbani tangu mwaka uliotangulia, la pili tulimpa sisi. Akawa anameza yote mawili kila asubuhi, kwa uaminifu kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache lile la zamani. Hakuna aliyeuliza kama lipo.

Kijana alibaki kashika boksi moja kila mkono, hasemi kitu. Miaka mitano ya masomo, na hakuna siku aliyofundishwa kwamba kabla ya kuandika dawa za kwenda nazo nyumbani unauliza kwanza nyumbani kuna nini. Simlaumu. Saini ilikuwa yangu.

Ninachosema ni hiki: kumpa mgonjwa ruhusa ni sehemu ya tiba kama ilivyo kufunga kidonda. Ifundishwe kitandani, isimamiwe na mwalimu, iingie kwenye mtihani. Na kama tunataka mwanafunzi ajue kumsemea mgonjwa, hakuna darasa linaloshinda saa ile mgonjwa anakusanya vitu vyake.

Wala si hisia zangu tu. Mwaka 2003 Forster na wenzake walichapisha katika jarida la Annals of Internal Medicine utafiti wa wagonjwa 400 walioruhusiwa kutoka hospitali ya kufundishia nchini Marekani. Wagonjwa 76, yaani asilimia 19, walidhurika baada ya kutoka, na madhara yenyewe yalitokana na huduma waliyopewa, hayakuletwa na ugonjwa. Kundi kubwa kuliko yote, asilimia 66, lilikuwa madhara ya dawa. Mwaka huo huo mtafiti Roy Kessels aliandika kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya yale mgonjwa anayoambiwa na wahudumu wa afya husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya anayoyakumbuka anayakumbuka visivyo. Sasa fikiria sisi tunayasema lini: mtu amesimama, kashika begi, ndugu anamsubiri nje, na anatamani jambo moja tu, atoke.

Tangu siku ya yule mzee nimebadilisha ninavyofundisha. Kila mwanafunzi anayekuja wodini kwangu anakabidhiwa mgonjwa mmoja na anakuwa naye kuanzia siku ya kulazwa. Siku hiyo hiyo ya kwanza anauliza atakayekuwepo nyumbani ni nani, dawa atazichukua nani, karatasi atazisoma nani. Anaomba mfuko wa dawa uletwe, wote, pamoja na za jirani na za miti shamba, bila kumgombeza mtu. Siku ya ruhusa anakaa kwenye kiti. Nasisitiza akae. Siku ya tatu baada ya ruhusa anapiga simu, mimi au rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, tukiwa pembeni.

Kwenye maelezo nimeshawakataza kuuliza "umeelewa?" Kila mtu atajibu ndiyo, hata mimi ningejibu ndiyo. Nawafundisha waseme hivi: "Nimekueleza mambo mengi, sijui kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamwelezaje mwanao kuhusu dawa hizi?" Mzigo unamhamia aliyeeleza, mgonjwa hajisikii yuko kwenye mtihani.

Mwanafunzi mmoja alimpa mama maelezo ya antibayotiki: kimoja, kutwa mara tatu. Alipomwomba arudie, mama akasema atameza asubuhi, adhuhuri na alasiri. Na usiku? Mama akamshangaa: "Si umesema kutwa? Usiku si kucha?" Yuko sahihi kabisa kwa Kiswahili chake. Sisi ndio tuliomaanisha kila baada ya saa nane huku tukisema kitu kingine. Nimelisema neno lile maisha yangu yote ya kazi, na siku ile ndiyo niliyolisikia.

Naomba maoni yenu, hasa wauguzi, wanafunzi na mliowahi kuuguza.

SistaWaZamu

Daktari, naunga mkono hoja, ila niseme ukweli wangu. Hayo unayoyaeleza wauguzi tunayafanya miaka yote na hayaandikwi popote. Mwanafunzi anajaza fomu kwenye meza ya madaktari, anaiacha juu ya faili, anakwenda darasani. Mimi ndiye ninayekuta dawa imeandikwa ya kunywa na mgonjwa tangu juzi hamezi kitu bila kupaliwa. Mimi ndiye ninayejua kwamba mume wake hajatokea tangu alazwe, kwa hiyo "arudi na ndugu kufungua nyuzi" ni maneno tu.

Jambo la pili ni muda. Ruhusa inaamuliwa kwenye raundi asubuhi, madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda, faili linanifikia mchana, na wakati huo mgonjwa mwingine amekaa kwenye benchi anasubiri kitanda kile kile. Hapo unamfundisha nani kitu?

Ombi langu ni dogo. Mwanafunzi kabla ya kujaza fomu aje aniulize: "Sista, kuna kitu unakijua kuhusu huyu mgonjwa ambacho hakimo kwenye faili?" Swali hilo moja.

MwalimuWaRaundi

Sista, nimelichukua swali lako kama lilivyo na kesho nalibandika ukutani. Kuhusu nafasi yenu hatupingani hata kidogo. Kazi inayojulikana sana kwenye eneo hili ilifanyika Boston, matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na Brian Jack na wenzake, wagonjwa 749. Aliyebeba sehemu kubwa ya kazi alikuwa muuguzi, na cheo walichompa kilikuwa mtetezi wa mgonjwa katika ruhusa. Alipanga miadi, akalinganisha dawa za nyumbani na zile za hospitali, akamkabidhi mgonjwa kijitabu chake mwenyewe chenye maelezo ya kumfaa, kisha mfamasia akapiga simu siku ya pili hadi ya nne. Kurudi hospitali ndani ya siku 30 kulipungua kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na wale walioruhusiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo ninaposema mwanafunzi ajifunze, sehemu kubwa atajifunza kutoka kwenu.

Kuhusu muda: ndiyo maana nataka maandalizi ya ruhusa yaanze siku ya kulazwa. Ukingoja asubuhi ya mwisho umeshachelewa.

MfamasiaMtaratibu

Naongeza kimoja. Fomu nyingi za ruhusa ninazopokea dirishani zinasema dawa za kumeza. Hazisemi dawa za kuacha. Mwambieni mwanafunzi agawe karatasi sehemu tatu: hizi ni mpya, hizi unaendelea nazo, hizi acha. Na kwenye hizo za kuacha aandike sababu, hata kwa maneno manne, maana dawa ambayo mtu ameimeza miaka sita haachi kwa sababu tu haikutajwa. Atadhani mmeisahau. Yule mzee wa presha angeokolewa na mstari mmoja.

MwakaWaTano

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, nimesoma uzi huu mara mbili.

Shida yangu haiko kwenye kueleza dawa. Shida ni kusema. Kwenye rotesheni iliyopita, yaani zamu ya mafunzo wodini, tulikuwa na mama aliyevunjika mkono wa kulia, ana kisukari, anaishi peke yake. Nilikuwa nakaa naye mchana nikimsubiri rezidenti, ndipo akaniambia hawezi kufungua hata kifuniko cha chupa. Kwenye raundi bingwa akasema, "Huyu aende." Watu kumi wamesimama, mimi nyuma kabisa. Nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale, na nilinyamaza. Raundi ikahamia kitanda kinachofuata. Mpaka leo nikikumbuka vidole vyake kwenye ule mfuniko naona aibu.

Mnatuambia tuwatetee wagonjwa. Lakini daraja tuliloko ni la chini kabisa, na anayenipa alama ndiye ninayetakiwa kumwambia asubiri. Nisemeje?

MwalimuWaRaundi

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo kiini cha uzi huu, na nitalijibu kwa kirefu.

Kwanza, ulichokipata hapo kitandani ni kitu ambacho bingwa hana. Yeye humwona mgonjwa dakika nne. Wewe ulikaa naye mchana mzima. Wodi nzima, mwenye muda ni mwanafunzi, na muda ndio unaomfanya mgonjwa aseme mambo ya vifuniko vya chupa. Usiione nafasi yako ya nyuma kama upungufu wa elimu.

Pili, usianze kwa kupinga uamuzi. Anza na mgonjwa. "Daktari, kabla hajaondoka kuna jambo aliniambia jana: anaishi peke yake na hawezi kufungua chupa ya dawa." Nyamaza hapo. Umetoa taarifa, hujabishana na mtu. Mara nyingi bingwa mwenyewe atageuka na kumuuliza mgonjwa.

Akiendelea mbele, kuna ngazi tatu za kupanda, nazo zinafundishwa katika mafunzo ya kazi ya timu ya TeamSTEPPS, yaliyoanzishwa Marekani mwaka 2006. Unasema: nina wasiwasi. Kama haikutosha: sina amani na hili. Kama bado: hili ni suala la usalama wa mgonjwa. Maneno ni machache kwa makusudi, mtu aweze kuyasema huku sauti inatetemeka. Wanafunzi wangu tunayafanyia mazoezi chumbani, mimi nikiwa bingwa mwenye haraka, na nakuwa mkali kweli. Mara ya kwanza karibu wote hunyamaza. Mara ya tatu wanasema.

Na kama raundi imeshapita, mfuate rezidenti au sista dakika kumi baadaye. Mgonjwa bado yuko kitandani. Raundi kupita hakumaanishi nafasi imepita.

Tatu, hili nawaambia walimu wenzangu. Mwanafunzi akisema mbele ya watu kumi, hata kama amekosea, jibu letu la kwanza liwe "ahsante kwa kusema". Tukimkata siku hiyo, hawa tisa wengine wamejifunza kunyamaza kwa miaka thelathini ijayo. Kanada waliingiza utetezi wa afya kati ya majukumu ya msingi ya daktari bingwa tangu 1996, katika mfumo wao wa CanMEDS. Kuandika jukumu kwenye mtaala ni rahisi. Kumlinda kijana anayelitekeleza ndipo penye kazi.

BintiMuuguzaji

Mimi si mtu wa afya. Namuuguza mama.

Mama aliruhusiwa akiwa ameanzishwa insulini. Kijana mmoja mwenye koti jeupe, mpole sana, alitueleza kwenye korido tukiwa tumesimama. Alionyesha kwa mikono tu, hakuwa na sindano. Nikaitikia kila kitu. Mama naye akaitikia.

Usiku wa kwanza niliketi ukingoni mwa kitanda na ile chupa ndogo. Dawa ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele, nikadhani imeharibika. Nikaitikisa kwa nguvu, ikajaa povu. Nikavuta, ndani ya bomba la sindano kukawa na hewa zaidi ya dawa. Nikarudisha, nikavuta tena. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi mama akaniambia, "Mwanangu, acha tu." Sikuacha, nikamchoma. Baadaye akasema hana hamu ya kula, akalala. Alfajiri nikamkuta amelowa jasho, ananitazama lakini hasemi. Bahati jirani alijua kumsugua sukari ndani ya shavu hadi akarudi na kuweza kumeza.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ile dawa ukungu ndio kawaida yake, unaiviringisha taratibu kati ya viganja, na kwamba asipokula usimchome dozi ile ile bila kuuliza. Ni mambo mawili yanayochukua dakika mbili.

Simchukii yule kijana. Nilichohitaji ni yeye asimame pembeni anitazame mimi nikifanya, mara moja tu, kabla hatujatoka.

SistaWaZamu

Pole sana dada. Na pole mama. Ulichokisema ndicho tunachofundishana: mtu wa nyumbani afanye kwa mkono wake mbele yetu. Asipofanya kwa mkono wake, sisi hatujui kama anajua.

RezidentiMchovu

Nimewasoma wote kwa heshima. Naomba nami nisikilizwe, maana mzigo huu utaishia mgongoni kwetu.

Wagonjwa wengine hurudi kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mkubwa. Moyo umechoka, figo zimechoka, atarudi hata ukimpigia simu kila siku. Wengine hurudi kwa sababu hawawezi kupata dawa, na mwanafunzi hana uwezo juu ya hilo. Pili, simu. Mgonjwa akimwambia mwanafunzi kifua kinambana, mwanafunzi atajibu nini? Akisema "pumzika", nani anabeba lawama? Tatu, siri za mgonjwa: anapiga kwa simu ya nani, na anayepokea ni nani?

MwalimuWaRaundi

Rezidenti, hoja zako zote tatu ni za kweli.

La ugonjwa wenyewe nakubali. Mwaka 2013 Harlan Krumholz, daktari wa moyo wa Marekani, alieleza hali anayoiita maradhi ya baada ya hospitali: mtu hajalala vizuri siku kadhaa, hajala sawasawa, amelala kitandani hadi misuli imelegea, kachanganyikiwa kwa dawa na kelele. Anatoka akiwa dhaifu mbele ya magonjwa mengine mapya kabisa. Wengi hurudi kwa sababu tofauti na ile iliyowalaza. Lakini sehemu ya mzigo ni yetu. Jencks na wenzake, 2009, waliwaangalia wazee wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani: karibu mmoja kati ya watano alilazwa tena ndani ya siku 30. Kati ya waliorudi baada ya kulazwa kwa ugonjwa usio wa upasuaji, karibu nusu hapakuwa na kumbukumbu ya malipo kwamba walionana na daktari yeyote hapo katikati. Hilo si la moyo kuchoka. Hilo ni la miadi.

Kuhusu wasioweza kupata dawa: mwanafunzi hatatatua, lakini akiligundua siku ya pili ya kulazwa, ofisa ustawi wa jamii anapata siku tatu za kulishughulikia. Akiligundua kwenye simu, tumechelewa. Na mara nyingi dawa inaweza kubadilishwa kwa nyingine anayoiweza, mradi tu mtu aliuliza.

Simu: mwanafunzi hatoi ushauri wa tiba. Anauliza, anasikiliza, anaandika, anamkabidhi rezidenti hapo hapo. Kuna majibu ambayo ni ya haraka bila mjadala, kifua kubana, kupumua kwa shida, kutokwa damu, kuchanganyikiwa. Hapo mgonjwa anaambiwa aje sasa hivi. Tunatumia simu ya wodi, ridhaa imeandikwa kwenye faili pamoja na jina la anayeruhusiwa kuongea kwa niaba ya mgonjwa. Akipokea mtu mwingine, mwanafunzi hasemi hata ugonjwa.

Umenikumbusha kingine ambacho nimekisahau juu: majibu ya vipimo yanayotoka baada ya mgonjwa kuondoka. Utafiti wa Christopher Roy na wenzake wa 2005 ulikuta asilimia 41 ya walioruhusiwa waliondoka majibu yao hayajakamilika, na mara nyingi daktari hakuwa na habari majibu yalipotoka. Damu imeoteshwa maabara Ijumaa kutafuta vijidudu, mgonjwa kaondoka Jumamosi, majibu yanafika Jumatatu kwa mtu ambaye zamu yake imeisha. Kwenye fomu mwanafunzi aandike kipimo gani kinasubiriwa na nani atakifuata. Nani kwa jina. "Wodi" si mtu.

RezidentiMchovu

Hilo la jina nakubali bila kubisha, limeshaniumiza mwenyewe. Mambo ya simu nitajaribu na mwanafunzi mmoja, si sita. Na naomba liingie kwenye mtihani wa vituo, ule wa vitendo ambao mwanafunzi anapita kituo kimoja baada ya kingine. Kama halina alama, kufikia wiki ya tatu watakuwa wamelitupa, nawajua, nilikuwa mmoja wao.

MwalimuWaRaundi

Mmoja anatosha kuanzia. Kituo cha mtihani tayari ninacho: mgonjwa wa kuigiza, mfuko wa dawa wenye dawa moja kwa majina mawili, dakika kumi. Mwanafunzi asipoomba kuuona mfuko, mgonjwa hautoi.

MwakaWaTano

Shikamoo mwalimu, nimerudi. Zimepita siku kumi na moja.

Nilipewa baba mmoja mwenye moyo uliochoka, miguu ilikuwa imevimba hadi magotini. Siku ya kwanza nilimuuliza sista lile swali lake, akaniambia baba haoni vizuri na anaona haya kusema. Kwa hiyo karatasi yake niliiandika kwa herufi kubwa, kalamu nene nyeusi, na mke wake akakaa nasi. Tulikubaliana apime uzito kila asubuhi, maana maji yakijaa mwilini uzito hupanda, na ukiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu atoe taarifa. Nilimwomba arudie. Alirudia vizuri.

Jana nimepiga. Mke akapokea, ndiye aliyeandikwa kwenye faili, akampa baba. Nikamuuliza hali, akasema ni nzuri, hana shida yoyote. Nilikaribia kuaga. Halafu nikamwomba anisomee namba za mizani. Mke akasoma: 71, 72, 73 na nusu. Nikauliza analala na mito mingapi, maana maji yakizidi mtu hupumua kwa shida akilala chali, akasema usiku ule mitatu, kawaida yake mmoja. Nilimpa rezidenti simu. Baba alikuja mchana ule ule akitembea mwenyewe, dozi ya dawa ya kupunguza maji ikaongezwa, jioni akarudi kulala kwake.

Nilimuuliza kwa nini hakutoa taarifa ilhali namba aliziona. Akasema hakutaka kutusumbua, miguu haikuwa imevimba kama mwanzo.

MwalimuWaRaundi

Marahaba. Hiyo "sitaki kuwasumbua" iandike kwenye faili, kwa maneno yake. Anayemfuata baada yako lazima aijue. Na leo, mizani imesomaje?

MwakaWaTano

72 na nusu. Alipima asubuhi ametoka chooni, hajala. Kesho saa mbili nampigia tena, rezidenti atakuwepo.